Subira ya Mola na Nahodha wa Merikebu ya Watumwa

Mdhalimu anapostarehe na mdhulumiwa analia, watu huuliza: Je, Mwenyezi Mungu haoni? Swali hili si la dini moja. Sisi Waislamu wa pwani tumefunzwa tangu chuoni kwamba miongoni mwa majina Yake ni Al-Halim, asiyefanya haraka kuadhibu, na kwamba mlango wa toba u wazi maadamu roho haijafika kooni. Leo napenda, ndugu msomaji, tutazame jirani zetu Wakristo wanalijibu vipi swali hilo. Ni aibu kuishi na mtu mtaa mmoja miaka na mikaka usijue anaamini nini.

Katika Injili ya Luka, mlango wa 13, mna mfano wa mtini. Mwenye shamba alikuja miaka mitatu kutafuta tunda asipate, akaamuru mti ukatwe. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi; usipozaa, basi na ukatwe. Kwa Wakristo, adhabu ikichelewa si kwamba Mungu amesahau. Huo ndio mwaka wa ziada. Lakini tusisahau mambo mawili: mwaka una mwisho, na mti unatakiwa uzae.

Mfano wa mtu aliyepewa mwaka huo wa ziada ni John Newton, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1725. Alikuwa baharia mwenye matusi na dharau kwa dini. Mwezi wa Machi 1748, merikebu aliyopanda ilipigwa na tufani katika Atlantiki ikakaribia kuzama, naye akamlilia Mungu. Akaokoka. Ungedhani siku ile aliachana na maovu. La! Baada ya hapo alirudi Afrika Magharibi katika biashara ya watumwa, na kati ya 1750 na 1754 alisafiri mara tatu akiwa nahodha, akiwabeba watu kuwapeleka visiwa vya Amerika. Kilichomtoa baharini ni maradhi. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba siku ile ya tufani hakuwa bado muumini kamili.

Mwaka 1764 akawa kasisi katika mji mdogo wa Olney, na huko akatunga wimbo wa Amazing Grace, uliotumiwa kanisani siku ya mwaka mpya wa 1773 na kuchapishwa 1779. Leo huimbwa dunia nzima kusifu rehema ya Mungu kwa mkosaji.

Hapa ndipo penye mwiba. Mola alimsubiri Newton, vyema. Lakini wale waliofungwa minyororo wawili wawili chini ya sitaha yake, subira hiyo iliwafaa nini? Mkosaji alipewa muda, na muda huo walioulipia ni wengine. Muumini wa dini yoyote asilikimbie swali hili.

Wanazuoni wetu hutenga haki ya Mungu na haki ya mja. Ya kwanza Mola husamehe apendapo. Ya pili haina budi irudishwe kwa mwenyewe, au mwenyewe aisamehe. Nami nimeona kuwa Injili haiko mbali na hayo. Katika Luka 19, Zakayo mtoza ushuru aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Toba yake ilifika mpaka mfukoni.

Newton hakuweza kuwarudisha watu aliowauza. Alichobaki nacho ni ulimi. Mwaka 1788, miaka 34 baada ya kuacha unahodha, alitoa kijitabu akaeleza aliyoyaona na kuyatenda, akikiri aibu yake hadharani. Akatoa ushahidi mbele ya wakubwa wa serikali na Bunge, na akamtia moyo William Wilberforce aliyeipigania hoja hiyo Bungeni. Sheria ya kukataza biashara hiyo ilipita Machi 1807. Newton akafa Desemba mwaka ule ule, ana umri wa miaka 82. Tunda lilichelewa, lakini lilitoka.

Habari hii haiko mbali nasi. Newton alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kikundi cha makasisi wa London ambamo mlizaliwa mwaka 1799 chama cha CMS, kile kilichomleta Krapf Mombasa mwaka 1844 na kuwapa makazi watumwa walioachwa huru pale Frere Town mwaka 1875. Kengele yao ndiyo iliyopapa Kengeleni jina lake.

Wala tusimnyoshee kidole Mzungu peke yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na majahazi yaliyolilisha soko hilo yalikuwa ya bahari yetu hii. Leo wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza huswali safu moja. Je, wakitoka msikitini huozana? Hurithishana ardhi? Au bado kuna majina ya kejeli yanayonong'onwa barazani?

Mola akikawia kuadhibu, deni halijafutwa. Ametupa nafasi ya kulilipa. Atakayeuona mwaka wa ziada kuwa ni ruhusa, basi na akumbuke kwamba shoka halikutupwa. Limewekwa kando tu.