Shilingi 20 za Gemu: Jinsi ya Kulipa na Kulipwa Bila Ugomvi

Ukipita Litein, Kapkatet, Sotik au Silibwet jioni mvua ikiisha, si rahisi ukose kusikia kelele za "goooal!" kutoka kwa duka moja dogo. Ndani kuna skrini mbili au tatu, PlayStation, benchi la mbao na vijana wamebanana wakingoja zamu. Kuna waliotoka kuchuma chai, kuna wanafunzi, kuna watu wa boda wanaopumzika kidogo. Gemu inayochezwa zaidi ni mpira: ile ambayo tangu 2023 inauzwa kwa jina la EA Sports FC, ingawa mtaani bado tunaiita FIFA tu.

Hii ni biashara ya pesa ndogo ndogo. Mwenye duka hapati faida kwa mteja mmoja tajiri. Anapata kwa wateja wengi ambao wanarudi kesho na kesho kutwa. Ndiyo maana huduma kwa wateja hapa si maneno ya kampuni kubwa za Nairobi. Ni kodi ya mwezi na stima ya wiki.

Na ukichunguza vizuri, ugomvi mwingi kwa duka la gemu hauletwi na watu wakorofi. Unaletwa na jambo moja: hakuna aliyesema mapema nani analipa, analipa lini, na kwa namba gani. Hebu tuangalie moja baada ya nyingine.

1. Nani analipa?

Maduka mengi yanatumia sheria ya "aliyeshindwa analipa". Inafurahisha, lakini ina shida zake. Tuseme mechi ni shilingi 20 na marafiki wawili wamecheza mechi tano. Mmoja ameshindwa mara tatu, mwingine mara mbili. Mwenye duka alikuwa anahudumia skrini nyingine. Sasa mmoja anasema alishindwa mara mbili tu, mwenzake anaapa ni tatu. Ishirini moja imekosa mwenyewe.

Dawa yake ni rahisi:

- Lipa kabla pedi haijashikwa. Wachezaji wawili wakubaliane wenyewe jinsi ya kurudishiana.
- Kama mnacheza mechi nyingi, lipeni jumla mara moja. Mechi tano ni 100. Malipo moja, meseji moja, na mwenye duka anaandika kwa daftari "skrini 2, mechi 5".
- Kila mechi ikiisha, alama moja inakatwa mbele ya wachezaji wote.

Na mwenye duka, usikubali kushika pesa za watu wanaowekeana dau. Ukianza kupokea dau na kumlipa mshindi, hiyo si huduma ya gemu tena. Ni kamari, na kamari bila leseni ni kosa la kisheria.

2. Pesa inaingia kwa namba gani?

Kuna njia tatu ambazo utakutana nazo kwa M-PESA.

*Namba ya kibinafsi.* Hii ndiyo wengi wanaanza nayo. Shida ni kwamba pesa ya duka inachanganyika na pesa ya nyumbani. Mwisho wa mwezi hujui kama duka lilikula hasara au ni wewe ulikula faida.

*Pochi la Biashara.* Inatumia laini yako ya kawaida lakini pesa ya biashara inakaa kando na yako. Unajisajili mwenyewe kwa kupiga *334#. Faida nyingine ni kwamba mteja hawezi kucheza mechi zake, atoke nje, halafu arudishe muamala kimyakimya bila wewe kuhusishwa.

*Till ya Lipa na M-PESA.* Mteja hakatwi chochote akilipa kwa Till. Kwa viwango vya sasa, mwenye duka pia hakatwi malipo yakiwa shilingi 200 kurudi chini. Yakizidi hapo anakatwa asilimia 0.55, yaani shilingi 5.50 kwa kila 1,000. Kwa duka la gemu, ambapo malipo mengi ni ya 20, 50 na 100, hiyo ni nafuu kubwa.

Namba yoyote utakayochagua, iandike kubwa ukutani pamoja na jina linalotokea kwa simu. Mteja akiona jina tofauti na lile la ukutani, asimamishe malipo hapo hapo kabla hayajakamilika.

3. "Meseji haijaingia"

Hapa ndipo duka linapata jina zuri au linaharibikiwa.

Chukua mfano huu. Kijana amelipa 40. Kwake meseji imefika, kwa mwenye duka bado, mtandao unasumbua. Mwenye duka anamwambia mbele ya wenzake, "Wewe unataka kunicheza." Dakika tatu baadaye meseji inaingia. Arobaini imepatikana, lakini yule kijana ameshaenda duka la ng'ambo ya barabara, na ameenda na marafiki zake wawili.

Sasa geuza mfano. Ni msimu wa bonasi ya chai, karibu na Oktoba, na duka limejaa. Mtu anaonyesha simu: "Boss, nimekosea nimetuma 500 badala ya 50, nirudishie 450 keshi." Mwenye duka anaona meseji, anatoa 450. Ile meseji ilikuwa ya kutengenezwa. Hakuna pesa iliyoingia.

Mifano yote miwili ina jibu moja: usiamue kwa kuangalia simu ya mteja, amua kwa kuangalia akaunti yako. Fanya hivi:

1. Angalia meseji kwa simu ya duka. Ujumbe wa kweli unatoka kwa MPESA, si kwa namba ya kawaida ya simu.
2. Kama haijaingia, angalia salio au taarifa ya akaunti yako. Meseji inaweza kuchelewa hata kama pesa imeshafika.
3. Muombe mteja akusomee ile kodi ya muamala iliyo mwanzo wa meseji yake, uilinganishe na taarifa yako.
4. Wakati unaangalia, ongea naye vizuri: "Ngoja kidogo boss, mtandao uko chini, naangalia." Hiyo sentensi haigharimu kitu.
5. Usirudishe keshi yoyote kabla hujaona pesa kwa akaunti. Hata kama mteja ako na haraka. Hata kama unamjua.

Na wewe mteja, ukiambiwa pesa haijaingia, usikimbilie kulipa mara ya pili. Angalia salio lako kwanza. Kama limepungua, onyesha kodi ya muamala na ungoje. Usifute ile meseji mpaka umalize kucheza. Ikikwama kabisa, piga simu kwa huduma kwa wateja ukiwa bado dukani, ili nyote wawili msikie jibu.

4. Stima ikipotea katikati ya mechi

Kericho na Bomet tunajua mvua ya mchana na radi zake. Dakika ya 60, uko mbele mabao mawili, giza. Nani anabeba hasara?

Hakuna jibu moja, lakini lazima duka liwe na jibu kabla giza halijaingia. Utaratibu unaoeleweka kwa urahisi ni huu: stima ikipotea kabla ya mapumziko, mechi inarudiwa bure, ikipotea kipindi cha pili, matokeo yanabaki vile yalivyo. Ukipenda weka sheria tofauti, bora iwe imeandikwa na iwe moja kwa kila mtu.

Kama mteja hawezi kungoja stima irudi, una njia mbili. Muandikie mechi yake kwa daftari achezee kesho, au mrudishie pesa kwa kumtumia. Kutuma shilingi 100 kurudi chini ni bure kwa sasa, kwa hivyo hakuna sababu ya kumwambia "makato ndiyo shida". Usimwambie mteja aende akarudishe muamala mwenyewe. Hiyo njia ni ya makosa, na inachukua muda kuliko wewe kumtumia ishirini yake.

5. Pesa ikienda kwa mtu mwingine

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, peleka ile meseji ya M-PESA kama ilivyo kwa 456, mara moja. Kama aliyepokea hajaitumia, una nafasi nzuri. Kama ameshaitoa, itakuwa kazi ngumu. Kwa hivyo kinga ni ile ile: soma jina kabla ya kukamilisha malipo.

Mwenye duka, kama mteja amelipa duka la jirani kwa bahati mbaya, msaidie kuongea na jirani. Kosa si lako, lakini ataikumbuka hiyo siku.

6. Watoto na namba za wateja

Mtoto akija na simu ya mamake na anajua PIN, hiyo ni shida ya nyumbani ambayo itakuja kuwa shida ya duka. Mama akifika kuuliza kwa nini 300 zimeisha, utasema nini? Weka kiwango cha juu kwa watoto, na saa za shule usiwafungulie. Mzazi anayetaka mtoto awe na pesa yake ya simu anaweza kumsajili M-PESA Go, huduma iliyoanza 2022 kwa wenye miaka 10 hadi 17, ambapo mzazi anaona matumizi.

Tena, namba ya mteja iliyokuja na malipo si yako kuigawa. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data. Ukitaka kumweka mtu kwa grupu ya WhatsApp ya mashindano ya wikendi, muulize kwanza. Wengi watakubali, na wale watakaokataa bado watakuja kucheza.

Bango la kubandika ukutani

Ukitaka, nakili haya kwa karatasi, ujaze bei na namba zako:

> CHAMGEI! KARIBU.
> Mechi moja: sh ____
> Lipa kabla ya kucheza. Till / Pochi: ________ Jina: ________
> Stima ikipotea kabla ya mapumziko, unarudia bure.
> Malipo yakichelewa, tutaangalia pamoja. Hakuna kuitana mwizi.
> Hatushiki dau. Hatuhitaji PIN yako.

Mistari sita tu. Mteja akiisoma kabla ya kushika pedi, atakuwa anajua bei, anajua pesa inaenda wapi, na anajua atatendewa vipi mambo yakiharibika. Na kama duka unaloenda halina bango kama hili, uliza hayo maswali mwenyewe kabla ya kulipa. Mwenye duka mzuri hatakasirika ukimuuliza.