Moto wa Kilimanjaro ulizimwa kwa matawi na mapanga

Jumapili ya Oktoba 11, 2020, moto ulizuka Whona, mahali wapanda mlima wanapopumzika kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Usiku huo miali ilionekana hadi Moshi mjini. Huko juu, zaidi ya meta 2,700, kuna upepo, mabonde na vichaka vikavu. Gari la zimamoto la mjini lingefanya nini?

Walipanda watu. Askari wa hifadhi walitangulia, wakafuatwa na wanavijiji na wanafunzi wa Chuo cha Mweka, hadi waliojitolea wakafika mamia. Kazi yenyewe haina mbwembwe: unakata tawi bichi, unapiga ukingo wa moto hadi ufe, mwenzako anafyeka ukanda wa mbele ili moto ukose cha kula. Kisha upepo unageuka, mnaanza upya. Usiku baridi ya mlima huuma vibaya, hasa kwa aliyelowa jasho.

Kwa kila anayepiga moto, lazima awepo wa kumpelekea maji na chakula. Hapo ndipo msaada wa taasisi, makanisa, misikiti na wafanyabiashara unapokuwa na maana, nao ukifika kwa kuchelewa hauna kazi. Binafsi, naona lori moja la maji, mikate na mablanketi linashinda hotuba kumi za pole.

Lakini hasara kubwa haionekani siku ya moto. Misitu ya juu hunasa ukungu na kuugeuza kuwa maji yanayolisha chemchemi na mifongo, yaani mifereji ya asili ya umwagiliaji, ya Wachaga mashambani. Ikiungua, anayeumia ni mkulima wa kahawa na migomba huku chini, ambaye huenda hajawahi kufika kileleni. Kuotesha miche, na kuilinda isiliwe na mifugo, ni kazi ya miaka, na wachangiaji wengi huwa wameshaondoka pamoja na kamera.

Oktoba 2022 moto ulirudi, safari hii karibu na kambi ya Karanga. Mlima huu utawaka tena. Wenye kampuni za utalii na wote wanaokula kwa jina la Kilimanjaro wanunue sasa viatu, glavu, redio za mawasiliano na bima kwa vijana wa vijiji vya kandokando, wala wasingoje moshi. Kumpeleka kijana motoni akiwa na kandambili na tawi, kisha kumpa cheti cha shukrani, ni kumdhulumu.