Chembe ya Damu Isipokunjika

Bonyeza ukucha wa kidole gumba hadi nyama iliyo chini yake iwe nyeupe, kisha uachilie. Kwa mtu mwenye afya, wekundu hurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Hapo umeona damu ikiingia tena katika kapilari, mishipa midogo kuliko yote mwilini. Huko ndiko oksijeni hushushwa na taka kuchukuliwa, na kwa familia nyingi za Rongo na kote kandokando ya Ziwa Victoria, huko ndiko maumivu ya mtoto huanzia.

Moyo una vyumba vinne. Damu iliyokwisha kutoa oksijeni yake huingia upande wa kulia, husukumwa mapafuni kuchukua nyingine, kisha hurejea upande wa kushoto. Chumba cha chini cha kushoto, chenye ukuta mnene kuliko vyote, ndicho huisukuma hadi utosini na nyayoni. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na hata akiwa ameketi tu, moyo wake husukuma kiasi hicho kila dakika. Kwa siku moja hupiga kama mara 100,000.

Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alichapisha ushahidi kwamba damu huzunguka na kurudi ilikotoka. Karibu karne nne kabla yake, tabibu Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Cairo, alikuwa ameeleza njia ya damu kati ya moyo na mapafu. Jambo ambalo Harvey hakuweza kuliona ni jinsi damu inavyovuka kutoka mishipa inayoipeleka hadi ile inayoirudisha. Mwaka 1661 Mwitaliano Marcello Malpighi aliliona kwa hadubini, katika mapafu ya chura: kivuko hicho ni kapilari.

Chembe nyekundu ya damu ina upana wa takriban sehemu 8 za elfu moja za milimita. Kapilari nyingi ni nyembamba kuliko hapo. Basi chembe hulazimika kujikunja na kupita moja moja, kisha hukunjuka upande wa pili. Hufanya hivyo tena na tena kwa muda wa siku 120, ndipo mwili huiondoa na uboho wa mifupa kuleta mpya.

Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, huharibu uwezo huo wa kujikunja. Kosa lenyewe ni dogo mno: katika hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, kiungo kimoja tu kimebadilika. Chembe ikishatoa oksijeni, hemoglobini hiyo hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe hujipinda kama mundu. Haipiti. Nyingine hurundikana nyuma yake, na nyama au mfupa ulio mbele hukosa damu. Maumivu yake ni makali kupindukia. Isitoshe, chembe hizo huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana mtoto huishiwa damu na macho yake huwa ya manjano.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni vidole vya mikono na miguu kuvimba, mtoto akifikisha nusu mwaka au zaidi kidogo. Kabla ya hapo hemoglobini aliyozaliwa nayo humlinda. Wazazi huona mtoto aliyekuwa mzima akibadilika ghafla, na wapo wanaoambiwa kuwa ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, au uchawi wa jirani. Siwalaumu wanaotafuta maelezo, ila kila wiki inayopotea kwa maelezo hayo humweka mtoto hatarini.

Kwa nini ugonjwa huu umekaa sana huku ziwani? Jibu lilipatikana papa hapa Kenya. Mwaka 1949 Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa maeneo mbalimbali. Karibu na ziwa na pwani, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni ya selimundu. Katika nyanda za juu, hata mmoja hakufika. Akashuku malaria, iliyoenea ziwani na pwani kuliko milimani. Baadaye aliwaambukiza malaria wanaume 30 Wajaluo, 15 wenye jeni moja na 15 wasio nayo. Kati ya wasio nayo, 14 walionekana na vimelea katika damu. Kati ya walio nayo, 2 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Vitabu humtaja Allison, na kwa maoni yangu wanaume wale 30 wanastahili heshima hiyo hiyo.

Lakini tusichanganye mambo. Mwenye jeni moja hupata kinga dhidi ya malaria kali na huishi maisha ya kawaida. Mwenye jeni mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, ndiye mgonjwa, na malaria humuua upesi kuliko inavyowaua watoto wengine. Kwake neti si hiari. Chanjo ya malaria, ambayo Kenya iliizindua Homa Bay Septemba 2019, asiikose.

Matibabu yapo. Penisilini ya kila siku hadi miaka mitano huzuia maambukizi ambayo bandama iliyoharibiwa na ugonjwa huu haiwezi tena kuyakabili. Maji mengi na kujikinga na baridi hupunguza chembe kukwama. Dawa ya haidroksiurea huurudisha mwili kutengeneza hemoglobini ile ya utotoni, isiyoshikamana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowapa dawa hiyo watoto 606 katika vituo vinne Afrika, Kilifi kikiwa kimojawapo, ulionyesha kuwa maumivu, malaria na vifo vilipungua.

Wazazi wote wawili wakiwa na jeni moja moja, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa, hata kama waliotangulia ni wazima. Kwa hiyo wewe unayepanga kuoa au kuolewa, pimeni damu nyote wawili. Nawe mama mwenye mtoto mchanga, unapompeleka kliniki kwa chanjo, omba apimwe selimundu kabla vidole havijavimba.