Kundi, Kaya au Halaiki? Kumtazama Punda Milia wa Tsavo kwa Jicho la Lugha

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akiagizwa aeleze punda milia aliowaona nyikani, aghalabu huandika sentensi moja: "Niliona kundi la punda milia." Sarufi yake haina dosari, ila msomaji hajaambiwa jambo la maana. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuwatazama wanyama hawa katika Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Mashariki, na kuonyesha kwamba neno "kundi" limetwishwa dhana tatu ambazo mtazamaji makini hana budi kuzitenga.

Kwa mkazi wa Kaloleni, mjini Voi, mbuga hii si habari ya vitabuni. Lango la Voi liko mwendo mfupi kwa gari. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948. Mto Voi, unaotoka katika milima ya Taita, hupita mjini kisha huingia mbugani, ambako bwawa la Aruba lilijengwa mwaka 1952. Nyakati za ukame, penye maji ndipo penye wanyama.

Dhana tatu katika neno moja

Dhana ya kwanza ni ile ninayopendekeza tuiite kaya. Punda milia wa kawaida huishi katika jamaa ndogo ya dume mmoja, majike kadhaa na watoto wao. Kaya inaposafiri, jike mwenye cheo cha juu hutangulia, wenzake wakamfuata kwa daraja zao, kila mmoja na mtoto wake. Dume kwa kawaida hubaki nyuma au ubavuni, akikinga hatari. Methali isemayo shukrani ya punda ni mateke humkejeli punda wa nyumbani. Kwa huyu wa nyikani, teke ndilo ngao ya watoto wake dhidi ya simba na fisi. Dume akifa, majike kwa kawaida hawatawanyiki, bali dume mwingine huja akaichukua kaya nzima.

Dhana ya pili ni makapera. Madume wachanga huondoka kwao na kuishi pamoja. Huko husukumana, huumana shingo na kufukuzana kwa mzaha, wakijiandaa kwa siku ya kugombea majike.

Dhana ya tatu ni halaiki. Kaya nyingi na makapera hukutana penye maji au majani mabichi. Kwa mbali huonekana umati mmoja usio na mpango. Hata hivyo, subiri waondoke: kila kaya hujitenga na kushika njia yake.

Inafaa kulinganisha hapa na farasi wa mwituni wa magharibi ya Marekani, waitwao mustang, ambao sheria ya mwaka 1971 iliwapa ulinzi. Wao ni wazao wa farasi wa kufugwa walioletwa na Wahispania, kisha wakatoroka. Nao pia huishi katika kaya za dume na majike, na makapera wao hukaa kando. Karne nyingi za kufugwa hazikuufuta mpangilio huo.

Hata hivyo, tusiharakishe kujumlisha. Katika miaka ya 1960 na 1970, punda milia wa Grevy kutoka kaskazini mwa Kenya walihamishiwa Tsavo Mashariki. Huyu ni mkubwa zaidi, ana milia myembamba, tumbo jeupe na masikio mapana ya mviringo. Dume wake hulinda eneo, nao majike huingia na kutoka wapendavyo. Kifungo cha kudumu ni cha mama na mtoto tu. Kwake neno "kaya" halifai.

Namna ya kutazama

Mtazamaji aende alfajiri au alasiri, abaki garini kama kanuni za mbuga zinavyotaka, na azime injini. Achague kaya moja na kuiandama kwa macho kwa saa nzima. Ili asimkanganye mnyama mmoja na mwingine, azingatie milia ya bega na ubavu, kwani hakuna wawili wanaofanana, kama zilivyo alama za vidole vyetu. Msingi huo ulitumiwa mnamo Januari 2016, pale wananchi walipopiga picha za ubavu wa kulia wa punda milia wa Grevy kaskazini mwa Kenya ili wahesabiwe. Kisha mtazamaji ajiulize: nani ametangulia? Nani amebaki nyuma? Nani ameinua kichwa wenzake wakinywa?

Kwa nini jambo hili lina uzito

Katika ukame wa mwaka 2022, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba walikufa punda milia wa kawaida 381 na wa Grevy 49. Tarakimu hizi zinatisha, ila hazielezi yote. Akifa jike aliyekuwa akitangulia, kaya imempoteza kiongozi wa safari. Akifa mama anyonyeshaye, mtoto wake naye yumo hatarini. Anayejua neno "kundi" pekee ataona idadi imepungua. Anayeijua kaya ataona ni nini kilichovunjika.

Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba istilahi zilizopendekezwa ndizo za mwisho. Wenyeji wa Taita, wachungaji na askari wa wanyamapori huenda wana maneno bora zaidi, na ni wajibu wetu kuwaendea na kuyakusanya. Kiswahili hakikosi maneno: kaya, kapera na halaiki yalikuwamo kamusini zamani. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi kimya kando ya maji hadi aone pa kuyatumia.