Gwaride Lisilorudi Lilikoanzia

Muziki wa gwaride huandikwa kwa vipimo vya mapigo mawili, kwa kuwa binadamu ana miguu miwili: kila kipimo kinapoanza, mguu wa kushoto unagusa ardhi. Tuba na ngoma kubwa hushika hatua, honi hujaza nafasi kati ya hatua na hatua. Kwa askari, hayo yanatosha. Kwa msikilizaji aliyeketi hayatoshi, na hapo ndipo muundo unapofanya kazi yake.

Tusikilize The Stars and Stripes Forever, aliyoitunga John Philip Sousa wa Marekani mwaka 1896. Vipimo 4 vya utangulizi, bendi nzima kwa sauti moja kali, vinamkamata msikilizaji. Kisha inakuja sehemu ya kwanza, vipimo 16, inarudiwa. Halafu ya pili, vipimo 16, nayo inarudiwa. Mpaka hapo muziki uko kwenye ufunguo wa flati tatu.

Ndipo inapoingia trio, yaani sehemu ya tatu, na kwangu huu ndio moyo wa kipande chote. Inaongezeka flati moja, makao ya muziki yanahama, na badala ya kishindo tunapata wimbo mpana wa vipimo 32, unaopigwa kwa upole. Watunzi wengi wa zamani walimaliza trio wakarudi kupiga mwanzo upya. Sousa hapa anakataa kurudi. Anaweka vipimo 24 vya mabishano, ala za sauti nzito zikiporomoka nota kwa nota na zile za juu zikijibu, kisha wimbo wa trio unarejea huku pikolo ikicheza juu yake. Mabishano tena, halafu trio mara ya tatu, sasa tromboni zikiongeza wimbo wao chini ya ule tunaoujua. Kipande kinaishia kwenye ufunguo wa trio. Ule wa mwanzo hausikiki tena.

Kwa hiyo naumia nikisikia bendi ikiipiga trio ya kwanza kwa nguvu zote. Wimbo haubadiliki mara zote tatu. Kinachokua ni ujazo na ala zinazouzunguka, na bendi iliyomaliza pumzi mapema haina cha kuongeza. Sousa aliwatoa wapiga pikolo, tarumbeta na tromboni mbele ya jukwaa kwenye duru ya mwisho tu.