Kompyuta inavyokata picha kusaka gugumaji

MVUVI wa Port Victoria hahitaji kompyuta kumwonyesha gugumaji. Akifika ufuoni alfajiri na kukuta zulia la kijani limeziba njia ya mashua, siku yake ya uvuvi imekwisha. Anayehitaji kompyuta ni mtaalamu anayetaka kujua zulia kama hilo limefika hapo mara ngapi, na katika miezi gani. Jibu limo katika picha za setilaiti za Landsat, ambazo Marekani iliamua mwaka wa 2008 kuzitoa kwa umma bila malipo. Kazi ni kuzisaka.

Picha hizo huhifadhiwa kwa tarehe na mahali. Hakuna aliyeandika "gugumaji" kando ya kila moja, na nani angeweza? Ndiyo sababu wataalamu walibuni mbinu ya kutafuta picha kwa yaliyomo ndani yake. Mfumo wa QBIC wa kampuni ya IBM ulifanya hivyo katika miaka ya 1990.

Hata hivyo, kulinganisha rangi za picha nzima hupotosha. Ipe kompyuta picha ya ufuo wa Bunyala wenye gugumaji, nayo huenda ikakuletea mashamba ya mpunga na mafunjo ya kinamasi cha Yala. Kwake, kijani ni kijani.

Dawa ni kuikata picha kwanza. Kompyuta hukusanya nukta jirani zinazofanana ziwe kipande kimoja: hapa maji, pale nchi kavu, katikati kiraka kinachoelea. Kila kipande huandikiwa rangi, umbo, ukubwa na majirani wake. Sasa unaweza kuuliza swali la maana: nipe picha zenye mimea iliyozungukwa na maji. Mpunga huondoka papo hapo. Mfumo wa Blobworld wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulitumia wazo hili la vipande mwishoni mwa miaka ya 1990.

Ziwani mpaka huonekana vyema, kwa kuwa majani hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ilhali maji huufyonza. Lakini nukta moja ya Landsat ni mita 30 kila upande; kiraka kidogo, kinachotosha kabisa kuzuia mashua, hupotea. Setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa 2015, huona hadi mita 10.

Ugumu mkubwa zaidi uko ukingoni, gugumaji linapogusana na mafunjo na kompyuta kuyahesabu kuwa kipande kimoja. Hapo hulinganishwa picha za tarehe mbili: mafunjo yaliyoota ufuoni hubaki, gugumaji huhama na upepo.