Malori ya Njia ya Kusini (3): Bedford, Mmarekani wa Luton

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliifuata barabara yenyewe, kutoka Mbagala kupitia Mkuranga, Jaribu Mpakani na Bungu hadi Kibiti, kisha Ikwiriri na kivuko cha Ndundu kwenye mto Rufiji. Leo tunaingia kwenye lori. Waliokuwa watu wazima Kibiti miaka ya 1960 wanalijua jina: Bedford. Ndilo lililotoa mpunga bondeni, ndilo lililopakia korosho na nazi za Bungu, ndilo lililongoja boriti za mikoko zilizoletwa kwa mitumbwi na majahazi hadi pale maji ya delta yanapokutana na nchi kavu. Leo hakuna kiwanda kinachounda lori jipya lenye jina hilo.

Vijiweni utaambiwa kwamba Bedford ilishindwa na Mjapani. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini limeficha sehemu kubwa ya habari. Kwa jinsi ninavyoielewa historia yake, Bedford ilipandishwa na shida ya fedha za kigeni, ikaangushwa huku kwetu na shida hiyo hiyo, na kule ilikozaliwa ikaachwa na mwenye mali wake mwenyewe. Tuanze na mwenye mali.

Wengi wanaamini Bedford ni Muingereza, na si kosa lao. Kiwanda kilikuwa Luton, katika jimbo la Bedfordshire, na jina la lori limetoka kwenye jina la jimbo. Lakini kampuni ya Vauxhall, iliyokuwa na kiwanda hicho, ilinunuliwa mwaka 1925 na General Motors ya Marekani kwa dola milioni 2.5. General Motors walikuwa tayari wanaunganisha malori ya Chevrolet huko Hendon, pembezoni mwa London. Mwaka 1929 kazi hiyo ikahamishiwa Luton, na Aprili 1931 likatoka lori la tani mbili lenye jina jipya. Injini yake ya silinda sita ilikuwa ya ukoo wa Chevrolet. Kwa hiyo tunapoizungumzia Bedford tunaizungumzia chapa iliyokuwa mali ya Marekani tangu siku ya kwanza, ikisimamiwa na Waingereza na kuuzwa kwa pauni.

Neno hilo la mwisho, pauni, ndilo lililoileta Rufiji.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Tanganyika ilikuwa soko la wazi kuliko watu wanavyodhani. Mikataba ya Bonde la Kongo, iliyoanzia Berlin mwaka 1885 na kurekebishwa Saint-Germain mwaka 1919, iliwazuia watawala wa eneo letu kuzipendelea bidhaa za nchi moja katika ushuru. Ndiyo maana nguo za Kijapani zilijaa madukani miaka ya 1930 ingawa bendera iliyopepea ilikuwa ya Kiingereza. Na ndiyo maana Ford na Chevrolet za Amerika ya Kaskazini zilipita katika barabara zetu bila kuadhibiwa forodhani. Lori la Luton halikuwa na upendeleo wowote mbele yao.

Vita ikabadilisha mambo. Luton walitengeneza malori yapatayo 250,000 kwa ajili ya jeshi, na vita ilipokwisha walikuwa na kiwanda kikubwa, mafundi waliozoea kazi na jina lililojulikana kila askari alikopita. Uingereza kwa upande wake ilitoka vitani ikiwa na madeni na bila dola. Makoloni yaliyotumia fedha iliyofungamana na pauni yakabanwa: kuagiza bidhaa ya dola kulihitaji leseni, na leseni ilipatikana kwa taabu. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyetaka lori la Detroit, makao ya General Motors huko Marekani, alikuta mlango umefungwa. Aliyetaka lori la Luton alilipata. General Motors hawakupoteza kitu hapo, kwani biashara iliyofungiwa mlango wa dola iliingia kwa mlango wa pauni, na faida ikaenda kwa mwenyewe yule yule.

Mwaka 1955 utengenezaji wa malori ulihamia Dunstable, mji wa jirani na Luton, na mwaka 1958 ikatoka aina ya TJ, ile yenye pua ndefu na uso wa duara. Miaka miwili baadaye ikafuata TK, ya uso bapa, dereva akikaa karibu kabisa na injini. TJ ndiyo iliyopendwa vijijini. Uingereza kwenyewe ilipoacha kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, kiwanda kiliendelea kuitengeneza kwa ajili ya nchi kama zetu. Huko Karachi na Peshawar malori ya ukoo huo yamepakwa rangi na nakshi kila inchi, na baadhi yake bado yanatembea. Zanzibar chesisi zake zilivalishwa bodi za mbao zikawa magari ya abiria ya shamba.

Kwa nini ilipendwa? Hapa nataka kwenda polepole, maana ndipo penye kiini cha jambo. Lori liliuzwa likiwa injini, kebini na chesisi tupu. Kilichokaa nyuma kilikuwa kazi ya seremala wa hapa, kwa mninga au mvule, na kila mwenye lori aliamua mwenyewe: bodi fupi ya magunia, bodi ndefu ya boriti, au mabenchi ya abiria yanayong'oka siku ya mzigo. Boneti ilifunguka, fundi akasimama juu ya bampa na kuiona injini yote mbele yake, kabureta, plagi, pampu ya maji, feni belti, bila kufungua kitu kingine. Betri ikifa, kulikuwa na hendeli.

Tazama springi. Springi ya Bedford ni mabamba ya chuma yaliyopangwa, refu juu na fupi chini, yakashikwa katikati kwa bolti moja na kubanwa kwenye eksili kwa yubolti. Lori lililojaa magunia kupita kiasi, kwenye mashimo ya baada ya Nyamwage, kusini mwa mto, lilikuwa likikata bamba. Utingo alishuka na jeki na gogo, dereva akaingia uvunguni na spana mbili. Bamba lililokatika lilitolewa, na kama lori lilikuwa na bamba la akiba likawekwa. Kama halikuwa nalo, lile lililokatika liliungwa kwa waya na kuzungushiwa vipande vya mpira wa tyubu, vikakazwa kwa mkono hadi vikawa vigumu, na lori likatembea hivyo, taratibu, hadi kwa fundi wa Kibiti. Hakuna aliyengoja mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Ujuzi wa kulitengeneza lori ulikaa kandokando ya barabara ile ile lililoharibikia, na mtoto aliyeanza kwa kushika taa na kuosha nati kwa petroli alikuja kuwa fundi kamili bila kuliona darasa la makanika.

Ndundu nako kulikuwa na mtihani wake. Kabla ya daraja, lori liliteremka ukingoni kwa gia ya kwanza kuelekea kwenye pantoni, utingo akikimbia nyuma na kabari ya mti mkononi, tayari kuisukumiza chini ya tairi endapo breki zingekataa. Breki za Bedford, na tuseme kweli, hazikuwa sifa yake. Masika mto ulipojaa, foleni ililala. Lori jepesi, lenye tumbo la juu, linalovutika kwa kamba na mikono ya watu likinasa kwenye tope jeusi, lilikuwa na thamani ambayo tani nyingi zaidi za mzigo zisingeweza kuifidia.

Haya ndiyo yanayonifanya nikatae kwamba Bedford ilishindwa kazi Rufiji. Haikushindwa na tope. Ilishindwa na spea.

Mwaka 1975 General Motors waliunda kampuni Nairobi kwa ubia na serikali ya Kenya, na mwaka 1977 ikaanza kuunganisha magari, Bedford na Isuzu zikiwemo. Ilikuwa ni habari njema kwa mwenye lori yeyote wa Afrika Mashariki: kiwanda kipo siku mbili za barabara. Lakini Februari mwaka huo huo wa 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Kwa miaka yote hiyo kiwanda cha jirani kilikuwa mbali na Kibiti kuliko Luton.

Spea za kutoka Luton nazo zilihitaji fedha za kigeni. Wakati huo uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa Shirika la Magari la serikali, na kilichoagizwa kilitegemea kilichopo Benki Kuu. Ikaja vita ya Kagera mwaka 1978, ikaja bei ya mafuta kupanda mara ya pili mwaka 1979, na hazina ikakauka. Bedford nyingi zilikuwa bado za petroli, na injini zile zilikunywa. Mwenye malori mawili alisimamisha moja juu ya mawe na kulichinja ili jingine litembee: leo stata, kesho gia boksi, mwezi ujao difu. Malori yaliyochinjwa hivyo yalizidi kuongezeka kando ya njia ya Kusini. Tatizo halikuwa kwamba chuma kimechoka. Dola na pauni hazikuwepo.

Bajeti ya mwaka 1984, iliyosomwa na Waziri Cleopa Msuya, ililegeza kamba. Mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi, na baada ya Rais Ali Hassan Mwinyi kushika madaraka mwaka 1985 mlango ulizidi kupanuka. Magari yaliyotumika yakaanza kumiminika, mengi ya Kijapani. Mwenye lori wa Kibiti aliyekuwa ameingoja spea ya Bedford kwa miaka angeweza sasa kuitafuta. Lakini Bedford yenyewe ilikuwa inakata roho.

Mwaka 1971 General Motors walinunua asilimia 34.2 ya hisa za Isuzu ya Japani. Tangu hapo walikuwa na watoto wawili wa kazi moja. Luton na Dunstable kulikuwa na viwanda vikongwe na soko la Uingereza lililodorora. Isuzu walikuwa na injini za dizeli nzuri, ndogo, zisizonywa. Taratibu mzigo ukahamia kwa mdogo. Pikapu ndogo iliyouzwa Uingereza kwa jina la Bedford KB ilikuwa Isuzu iliyobandikwa jina. Mapema mwaka 1986 General Motors walijaribu kununua malori ya Leyland pamoja na Land Rover kutoka kwa serikali ya Uingereza, ili wayaunganishe na Bedford. Waingereza walipiga kelele, hasa kwa ajili ya Land Rover, na Machi mazungumzo yakavunjika. Mwaka huo haukuisha kabla General Motors hawajatangaza kwamba wanaacha kutengeneza malori makubwa Uingereza. Kiwanda cha Dunstable kikauzwa mwaka 1987 kwa kampuni iliyojiita AWD, nayo ikafilisika mwaka 1992.

Kwa hiyo Mjapani aliyesemwa vijiweni hakutoka nje kuja kuipiga Bedford. Alikuwa amekaribishwa ndani na baba mwenye nyumba. Naona jambo hili linapaswa kufahamika, kwa sababu tumezoea kuliona soko kama uwanja wa mieleka ambamo mwenye nguvu humwangusha mnyonge. Mara nyingi uamuzi hufanyika mezani, mbali, na watu wasioijua Ndundu wala Nyamwage.

Sisemi kwamba lori lile lingebaki hadi leo laiti Detroit ingetaka. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003 na pantoni ikastaafu. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 zilizowatesa madereva kuliko zote, nacho hatimaye kikawekwa lami. Barabara ya lami inadai mambo mengine: tani nyingi, mwendo, breki za uhakika. Bedford ya tani saba isingeweza kushindana na semitrela inayotoka Mtwara usiku na kufika Dar es Salaam asubuhi.

Lakini kuna kilichopotea, nacho hakikuwa cha Detroit. Lori la kisasa likizima njiani kwa hitilafu ya umeme, fundi wa Kibiti, hata awe hodari namna gani, anahitaji kompyuta ya kulisoma, na mara nyingi dereva hungoja mtu wa kutoka mjini. Vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kuuziba pengo hilo kama vingepewa vifaa, kwa sababu mikono ipo na akili ipo. Miaka thelathini ya Bedford ilithibitisha hilo bila shaka yoyote.

Tukirudi kwa mwenye mali, General Motors waliuza hisa zao za mwisho katika Isuzu mwaka 2006. Mwaka 2017 wakauza na asilimia 57.7 waliyokuwa nayo katika kampuni ya Nairobi. Mnunuzi alikuwa Isuzu, na kampuni sasa inaitwa Isuzu East Africa.

Juma lijalo tutavuka kwenda Kibaha, katika mkoa huu huu wa Pwani, kwenye kiwanda cha TAMCO, ambako Watanzania waliunganisha malori ya Scania katika miaka ile ile ambayo Bedford zetu zilikuwa zimesimama juu ya mawe.